Ndoo ya Makorokoro

Ndoo yenyewe ilikuwa ya rangi, ya lita 20, aina ile ambayo nyumba nyingi za Mbagala hubaki nayo fundi rangi akishaondoka. Niliiweka chini ya meza siku nilipoanza kuibomoa laptopu, na kila nilichoona hakina maana nilikitupia humo: skrubu ndogo kama punje za ufuta, vipande vya plastiki, miguu minne ya mpira, karatasi nyeusi ya nailoni iliyobanduka na gundi yake, sponji nyembamba kama utambi, sumaku ndogo iliyotoka pembeni mwa kioo. Kufika magharibi ndoo ilikuwa nusu, na mezani imebaki bodi, feni na bomba lake la shaba, RAM mbili, diski na waya chache. Nilijiona kama mtu aliyemaliza kuchinja: nyama iko kwenye sinia, ngozi na kwato ziko kando. Sikujiuliza ngozi ilikuwa inamfanyia nini ng'ombe alipokuwa hai.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, si fundi. Ujuzi wangu wa umeme ni ule wa kidato cha nne pamoja na video za usiku, yaani ujuzi unaotosha kumfanya mtu asiulize. Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa kwangu, alikuwa kidato cha tatu na walimu wake walikuwa wameanza kugawa masomo kwa flashi. Kompyuta mpya sikuiweza. Laptopu ya mtumba, hizi zinazoshuka kutoka Dubai na Uingereza, nayo ilikuwa juu ya mfuko wangu mwezi ule. Ndipo nikapata wazo la kununua laptopu mbovu na kuitengeneza iwe kompyuta ya mezani. Vitabu vinatutaka tuseme kompyuta mpakato, kwa kuwa hupakatwa. Hii yangu ilikuwa inaelekea kuacha kupakatwa milele, kwa hiyo nitaiita laptopu kama inavyoitwa mtaani.

Wazo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Laptopu nyingi hufa kwa nje. Kioo hupasuka, bawaba hukatika, kibodi humwagikiwa chai, tundu la chaja hulegea, na mwenyewe akiambiwa bei ya kioo kipya huiacha kwa fundi asirudi tena. Ndani, bodi ni nzima na haina habari. Niliipata ya namna hiyo Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa mzee mmoja mwenye meza yake kibarazani mwa duka la simu: nyeusi, ya kiofisi, ya mwaka 2012, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tatu, kioo kimechora utando wa buibui na kibodi haina herufi sita. Shilingi 70,000. Kwa anayetaka laptopu, ule ni mzoga. Kwa mwenye skrini bapa ya inchi 17 iliyotupwa na ofisi fulani, pamoja na kibodi ya nje na mausi, hakuna kilichopungua. Tena prosesa yake hata ikikimbizwa hula kama wati 35, na katika nyumba inayohesabu yuniti za umeme wa LUKU hilo si jambo dogo.

Mzee aliniuliza, huku akiipanguza kwa brashi, "Ticha, unaenda kuifanya nini?"

Nikamweleza. Naivua nguo, naiweka bodi kwenye kasha, nachomeka vya nje, basi.

"Sawa," akasema. "Lakini usitupe kitu mpaka imalize mwezi mzima inawaka. Kiwandani hawagawi skrubu kwa sadaka."

Nikacheka, nikamlipa. Kesho yake ofisi ya walimu nzima ilinisikia nikieleza kwamba, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme mwaka 2022, na kwamba hazikufika hata robo zilizokusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nilikuwa naokoa dunia, na ndoo chini ya meza ikiendelea kujaa.

Safari yangu ya kwanza kurudi ndooni ilikuwa usiku wa siku ile ile niliyoibomoa. Kasha nililochagua lilikuwa la deki ya DVD iliyokufa, bati tupu, zuri kwa macho. Nikailaza bodi ndani, nikachomeka chaja, na taa ndogo ya kijani kwenye chaja ikazimika kama mtu aliyefumba macho. Nikachomoa, ikawaka. Nikachomeka, ikazimika. Mara ya nne ndipo nilipoigeuza bodi chini juu na kuutazama mgongo wake kwa tochi ya simu. Mgongo wa bodi si laini. Umejaa vichwa vya risasi iliyochomelewa, mamia, kama chunusi, na kila kimoja kina umeme wake. Nilikuwa nimeilaza juu ya bati. Ilikuwa shoti, na chaja ilikuwa inajifunga kwa hiari yake kila ninapochomeka, ikiniokoa mara nne mfululizo bila hata asante.

Ile karatasi nyeusi ya nailoni ndiyo iliyokuwa imetandikwa kati ya mgongo ule na chuma cha chini ya laptopu. Nikaitoa ndooni, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Kisha nikakata mirija ya kalamu za Bic vipande vya sentimita moja, nikapitisha skrubu ndani yake, bodi ikakaa juu ya miguu kama ghala la mahindi. Ikawaka. Chaja yenyewe nilikuwa nimeitunza, kwa bahati tu. Kwenye chaja za aina ile kuna sindano nyembamba katikati ya plagi, na ile si ya kupitisha nguvu. Huiambia bodi chaja hii ni ya wati ngapi. Ukichomeka chaja nyingine yoyote kwa sababu tu inaingia, mashine huweza kwenda kwa kuchechemea na kukataa kuchaji, nawe ukazunguka mwezi mzima ukiilaumu prosesa.

Diski ilikuja na picha za harusi ya watu nisiowajua na ankara za kampuni. Nilifuta zote bila kutazama zaidi. Unayeuza laptopu mbovu, chomoa diski kwanza, ubaki nayo.

Siku mbili baadaye mpwa wangu akaanza wimbo wake: "Mjomba, imezima tena." Inawaka vizuri, dakika kumi na mbili hivi, kisha giza. Nilidhani ni programu. Nikaweka upya programu endeshi, mara mbili, usiku wa saa tano. Ilikuwa joto. Nilipakua programu ya bure inayosoma joto la prosesa nikakaa kuitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni: 71, 80, 88, 95, 98, giza. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo wake zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hujizima kabla haijaungua. Nayo ilikuwa inaniokoa.

Ukiitazama feni ya laptopu utaona haipulizi mbele kama feni ya mezani. Huvuta hewa kwa chini na juu, kisha huitema ubavuni kupitia mapezi membamba ya shaba. Kwenye laptopu nzima, tundu la kuvutia liko chini ya tumbo, na miguu ya mpira hulinyanyua tumbo milimita chache lisibane meza. Tundu la kutolea liko ubavuni sawasawa na mapezi, na ile sponji nyembamba kama utambi huziba pengo kati ya mapezi na ukuta wa kasha, ili hewa iliyotoka moto isigeuke ikarudi kuvutwa tena. Mimi nilikuwa nimeifungia feni ndani ya bati lisilo na tundu hata moja. Ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe.

Nikarudi ndooni. Miguu, sponji. Nikakata dirisha ubavuni kwa msumeno wa chuma, nikatoboa chini. Nilipolinyanyua bomba la shaba nikakuta ule uji mzito wa kupitishia joto kati yake na prosesa umekauka kama chaki. Nikaukwangua, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Hapo pia niligundua kwamba skrubu za bomba zimeandikwa 1, 2, 3, 4 pembeni yake, nami nilikuwa nimezikaza nilivyojisikia. Namba zile hupishana kona kwa kona, ili bomba likae sawa lisiinamie upande mmoja. Joto likashuka hadi 64, na hapo likatulia.

Ya sumaku nitaieleza kwa sababu ilinichekesha. Mashine ilipopona nilimletea mpwa wangu spika moja kuukuu, tukaiweka kushoto. Kila jioni, saa zisizojulikana, skrini inazima na mashine inalala. Si kuzima, kulala. Ukigusa kibodi haiamki. Siku mbili nikapima joto, nikapima chaja, nikabadilisha RAM. Ni yeye aliyegundua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anakaa pale.

"Mjomba, inalala tukiisogeza spika huku."

Nikamwambia spika haiwezi kulaza kompyuta. Akaisogeza, ikalala. Akaiondoa, akabonyeza kitufe, ikaamka. Nikabaki nimeshika kiuno. Jibu lilikuwa ndooni: ile sumaku ndogo iliyotoka pembeni mwa kioo. Laptopu hujua imefunikwa kwa kuwa sumaku iliyo kwenye kifuniko hukaribia kidude kidogo kinachohisi sumaku kwenye bodi, na kikihisi, kompyuta hulala. Spika ina sumaku kubwa mgongoni. Kila tulipoisogeza, bodi iliamini tumeifunika, ikatii. Ilikuwa haina kifuniko tena, haina kioo wala bawaba, na bado inaishi kwa desturi za mwili uliokwisha kuvuliwa.

Kuna kampuni moja ya Marekani, Framework, inayouza bodi za laptopu zilizobuniwa tangu mwanzo ziweze kuishi nje ya laptopu, bila betri, bila kioo, na tangu mwaka 2022 imeweka wazi michoro ya makasha yake kwa yeyote anayetaka kujitengenezea. Bodi yangu haikuandaliwa kwa maisha hayo. Kila ilichokitegemea nilikuwa nimekitupa ndooni, na ilikuwa inanieleza kimoja kimoja, kwa kuzima.

Mpaka hapo makosa yangu yote yalikuwa na adabu. Taa ya chaja ilizimika, mashine ikajizima au ikalala, hakuna aliyeumia. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni kwa sababu gani yalikuwa na adabu, na jibu ni kwamba katika kila moja kulikuwa na kitu kilichowekwa na mtu fulani huko kiwandani ili mjinga kama mimi akikosea, mashine isimame. Badala yake nikajiona fundi. Mashine ikaenda miezi mitatu bila kukohoa. Wanafunzi wenzake wakawa wanakuja kusomea kwetu, na mke wangu, ambaye mwanzoni aliita kitu kile "hilo deki lako," akaanza kuwaambia majirani kwamba ameitengeneza baba mwenyewe.

Kisha ukaja msimu wa umeme kukatika.

Laptopu umeme ukikatika haishtuki, kwa kuwa betri iko tumboni mwake. Yangu ilikufa pale pale, na mara mbili mpwa wangu akapoteza kazi aliyokuwa hajaihifadhi. Betri ya mashine ile niliikuta haishiki chaji tangu siku ya kwanza, nikaiweka juu ya kabati. Nikaishusha, nikaipasua kwa bisibisi. Ndani mna seli sita za duara, kila moja unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo maana huitwa 18650. Zimepangwa mbili mbili sambamba, kisha jozi tatu kwa mfululizo. Nikaweka mita. Jozi mbili zilisoma volti 3.7, ya tatu ilikuwa chini ya volti moja. Kumbe betri "iliyokufa" ilikuwa na wafu wawili tu kati ya sita! Hili ni kweli kwa betri nyingi, na ndilo linaloponza watu.

Juu ya seli kulikuwa na kijibodi cha kijani, urefu wa kidole, kimefunikwa tepu ya kahawia, waya za rangi nne zimetoka kwake zikaingia kwenye jozi. Nilipoikata jozi mbovu, kijibodi kikaacha kutoa umeme kabisa. Nikaweka seli nzuri mahali pa zile mbovu, mita bado ikasoma sifuri. Nikasema kimekufa, nikakidondosha ndooni.

Hakikuwa kimekufa. Vijibodi vingi vya aina ile vikiona seli imekatwa hujifunga, na havifunguki kwa kubembelezwa, vimetengenezwa vikatae. Kazi yake ni kupima kila jozi peke yake, kukata umeme jozi yoyote inapopita volti 4.2 au kushuka mno, kusikiliza joto kwa kidude kilichobandikwa ubavuni mwa seli, na kuipa bodi ya kompyuta habari za hali ilivyo. Ndiyo maana bodi nayo ilipounganishwa na seli zangu tupu ilikaa kimya: ilisubiri betri ijitambulishe, na hakukuwa na wa kujibu. Nilikuwa nimekataliwa mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili nikaona ni ubovu wa vifaa.

Njia ya halali ilikuwepo, tena rahisi. Bodi ile ile ina saketi yake ya kuchaji betri. Ningenunua betri nzima ya modeli ile, hata ya mtumba yenye nusu ya nguvu, nikaichomeka bila kuifungua, mambo yakaisha. Au ningenunua UPS ndogo, nikaendelea na maisha. Lakini nilikuwa na seli nne nzuri na nikapata nyingine mbili kwenye betri ya laptopu tofauti kabisa, na mkono uliokwisha kufanikiwa mara tatu hauambiliki.

Nikapiga hesabu. Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Jozi tatu mfululizo, 4.2 mara 3, ni 12.6. Nikanunua kishusha volti, nikakipima mpaka kikasoma 12.6 barabara, nikakichukulia umeme kwenye chaja. Nikanunua na kipandisha volti cha kuirudisha 12 iwe 19 ya kulishia bodi. Seli nikaziunga kwa kuchomelea risasi moja kwa moja juu ya vichwa vyake, jambo ambalo kiwandani hawalifanyi: wao huunga vibati vyembamba vya nikeli kwa cheche ya sehemu ya sekunde, kwa sababu joto la chuma cha kuchomelea huingia ndani ya seli na kuidhuru mahali usipopaona.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na haina kosa. Kwenye hesabu ya jozi tatu zilizojaa volti 12.6, kila jozi ni 4.2 kwa wastani, na mimi ndiye ninayefundisha wastani. Kila mwaka nawaambia vijana darasani kwamba wastani wa alama 50 unaweza kuwa wa wanafunzi wote waliopata 50, au wa mmoja aliyepata 100 na mwenzake aliyepata sifuri. Jozi mbili zenye afya zinaweza kusimama kwenye 4.05 kila moja, na ile dhaifu, iliyotoka betri nyingine na umri mwingine, ikapandishwa hadi 4.5. Jumla 12.6. Kishusha volti kinaona 12.6, kinaridhika. Aliyekuwa na kazi ya kuuliza kila mmoja amepata ngapi nilikuwa nimemtia ndooni.

Mwaka 2006 kampuni ya Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1 za laptopu zake zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu ya chembe za chuma zilizobaki ndani ya seli tangu kiwandani. Zile zilikuwa betri mpya, za kiwanda kikubwa, na kijibodi kipo mahali pake. Habari hiyo niliisoma baadaye. Nilichokuwa nacho wakati ule ni ishara moja tu ambayo niliigusa kwa mkono wangu: siku ya tano au ya sita, nikiifuta meza vumbi, niliona upande mmoja wa fungu la seli una uvuguvugu kuliko mwingine. Nikasema ni joto la Dar. Ilikuwa mwezi wa Februari, na Februari ina mgongo mpana wa kubebeshwa visingizio.

Usiku wenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, ukarudi kama saa mbili. Mpwa wangu alikuwa mezani anaandika fizikia. Mimi nilikuwa sebuleni. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mjomba, nani anafuta rangi ya kucha?"

Ndiyo harufu yake. Tamu kidogo, kama dawa ile ya kufutia kucha. Ni maji ya ndani ya seli yanayoanza kuvuja. Ukiisikia karibu na betri, usitafute inatoka wapi, toka wewe. Mimi sikujua. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia mluzi mwembamba kama soda inayofunguliwa taratibu, na binti akasimama kwa kuwa kiti kilikuwa kinatetemeka, au alidhani kinatetemeka. Nikamvuta mkono. Moshi mweupe ulitoka chini ya deki, mzito, ukitambaa mezani badala ya kupanda, kisha moto ukaruka kwa mkupuo mmoja, wa rangi ya chungwa, kama wa jiko la mchina la kuchomea, ukashika pazia.

Nilizima swichi kuu. Hilo tu ndilo nililofanya sawasawa. Kisha nikaenda kwa koleo la jikoni kulitoa lile fungu nje, na nikaungua kiganja cha kulia, kovu lipo. Nililitupa kwenye mchanga wa uani, jirani akalimwagia mchanga zaidi, moto ukafa, tukashusha pumzi. Dakika tatu hazikupita likawaka tena, chini ya mchanga. Mchanga hufunika mwali, haupunguzi joto, na seli moja ikishachemka huipokeza ya pili. Linataka maji, mengi, ya kulipoza. Pipa lilikuwa pembeni ya choo na hakuna chombo karibu. Mke wangu akaingia ndani akatoka na ndoo ya rangi, akaipindua uani, makorokoro yote yakamwagika, akachota.

Ndoo saba. Tulilala kwa jirani, kwa sababu moshi wa betri hizi una gesi inayounguza mapafu, na chumba kilikuwa kinatoa machozi kwa mbali. Binti alikohoa mpaka usiku wa manane, kisha akalala.

Asubuhi nilikwenda uani kuokota kabla watoto wa jirani hawajakanyaga. Skrubu zilikuwa zimesambaa mchangani kama ufuta kweli. Mpwa wangu alitoka akanisalimia, "Shikamoo Mjomba," nikaitikia bila kuinua uso, akachuchumaa tukaokota pamoja, yeye kwa mkono, mimi kwa mkono wa kushoto. Hatukusemezana. Akaibua kijibodi cha kijani, akakipuliza mchanga.

"Hiki cha nini?"

Nikamwambia cha betri.

Akakigeuza. Alikuwa na macho ya mwanafunzi, hayakosi kitu. Pembeni mwa kila waya kulikuwa na herufi ndogo nyeupe, akazisoma moja moja: B+, B2, B1, B-.

"Sasa mbona hizi mbili zinaingia katikati? Si umeme unatoka mwanzo na mwisho tu?"

"Ili kipime kila jozi peke yake."

Akasogea kwenye fungu la seli, lililokuwa limelala kwenye tope la maji ya usiku. Akaligeuza kwa kijiti. Seli mbili zilikuwa zimepasuka vichwa, zimefunguka kama ua, ndani tupu. Nne zilizobaki zilikuwa nyeusi kwa nje, ganda limeyeyuka, lakini nzima.

"Ni hizi mbili tu, Mjomba," akasema. "Hizi zingine hazikufanya kitu."

Nikakichukua kile kijibodi, nikakitia mfuko wa shati, nikaenda kumtafuta mwenye nyumba nimwoneshe dari.